Dawa yenye kushinda ku jicho la panya haitoshi kwa jicho la muchimbaji

Tarehe 10 mwezi wa 4 mwaka 2025, FDA, ile ofisi ya Marekani yenye kuruhusu dawa kuuzwa, ilitangaza kwamba inataka kupunguza pole pole desturi ya kujaribu dawa ku nyama wa labo. Inaanza na aina moja ya dawa za kisasa, zile zenye kuiga askari wa damu yetu. Ulaya nayo, toka 2013, ilikataza kuuza vipodozi vyenye kujaribiwa ku nyama. Mambo ya labo yanageuka.

Mutu wa Kolwezi, wa Likasi ao wa Kipushi atauliza: sasa mambo ya panya inanihusu nini? Tunajibu: inakuhusu ku macho. Kile kichupa cha matone chenye unanunua ku farmasi ya kartie wakati vumbi ya karieri imefanya jicho kuwa jekundu, sehemu ya sifa yake ilipimwa ku macho ya panya na ya sungura. Wanasayansi waliwapa hawa nyama ugonjwa wa jicho, wakawatia dawa mbalimbali, wakahesabu ni gani yenye kushinda. Hesabu yao ilikuwa ya kweli. Lakini mupimo mumoja unajibu ulizo moja tu, na sisi ku farmasi tunaufanya ujibu maulizo yote. Hapo njo watu wanapoteza macho.

Namna ya kuvimbisha macho ya panya

Mwaka 1980, Rosenbaum na wenzake wa Marekani waliandika mu gazeti la sayansi Nature habari ya kushangaza. Kuna mikrobe zenye ngozi ya inje yenye sumu. Ukichukua vipande vya ile ngozi, bila mikrobe yenyewe kuwa hai, ukavitia mu mwili wa panya, kiisha siku moja hivi macho yote mbili yanawaka ndani. Labo nyingi zinadunga ile sindano ku muguu. Muguu njo unapigwa sindano, lakini jicho njo linagonjwa.

Ule ugonjwa unaitwa uveiti: kuvimba na kuwaka ndani ya jicho, hasa mu ile duara yenye rangi yenye kuzunguka mboni. Ku mutu, uveiti inaleta maumivu, machozi, mwangaza unachoma, na kuona kunapunguka.

Toka wakati ule, labo za inchi nyingi zinatumia hii njia kwa kulinganisha dawa. Wanagawanya panya mu vikundi. Kikundi cha kwanza kinapata maji ya chumvi tu. Cha pili kinapata dawa ya jamaa ya kortizoni, kama deksametazoni ao prednizoloni. Cha tatu kinapata dawa ya kupunguza uvimbe yenye si kortizoni, kama diklofenaki. Kiisha masaa 24 hivi, wanatosha tone moja la maji ya mbele ya jicho na kuliangalia: chembe nyeupe za damu ni ngapi? Protini iliyovuja kutoka damu ni kiasi gani? Kikundi chenye chembe kidogo na protini kidogo njo kimeshinda.

Mara nyingi, kortizoni inashinda. Sababu yake inajulikana. Mwaka 1971, John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini inazuia mwili kutengeneza vitu vyenye kuleta maumivu na uvimbe, vyenye kuitwa prostaglandini. Alipata Nobel juu ya hii kazi mwaka 1982. Diklofenaki inafuata njia ile ile: inafunga mulango mumoja. Kortizoni, yenye Nobel yake ilitolewa mwaka 1950 kwa Hench, Kendall na Reichstein, inafunga milango mingi mara moja. Fikiri shimo lenye maji inaingia ku pande ine: mutu mumoja anaziba upande moja, mwengine anafunga maji huko juu yenye inatoka. Bila shaka huyu wa pili atakausha shimo mbio.

Kwa hiyo mutu akisema «deksa inatosha wekundu kupita ingine», hasemi uongo. Panya wamemushuhudia. Lakini tuangalie kile chenye panya hakuulizwa.

Mambo tatu yenye masaa 24 hayaoneshi

La kwanza ni wakati. Ule ugonjwa wa panya unapanda mu siku moja, kiisha unashuka wenyewe mu siku kidogo. Mupimo unakwisha mbele dawa haijaonyesha ubaya wake. Ku mutu, ubaya wa matone ya kortizoni unakuja kiisha mayuma, mara nyingi mayuma ine mpaka sita: tansio ndani ya jicho inapanda. Tusichanganye: hapa hatusemi tansio ya damu, ni ya maji yenye kujaza jicho. Wanganga Armaly na Becker walipima hii mambo Marekani mu miaka ya 1960. Waliona kwamba kati ya watu 100 wenye kutumia hii matone kwa mayuma, kama 30 hivi tansio ya jicho inapanda kiasi, na kama 5 inapanda sana.

Tansio ikikaa juu, inaponda ule musipa wenye kupeleka picha ku ubongo. Hii njo glokoma. Haiumi. Haifanyi jicho jekundu. Inaanza kula pembeni: mutu anaona mbele muzuri, lakini haoni kile chenye kutoka ku upande. Kwa muchimbaji wenye kutembea karibu na mashimo na makamio, upande njo maisha. Na kile chenye glokoma imekula, hakirudi, hata kwa operasio. Matone yenyewe yakiendelea miezi na miaka, yanaweza pia kuleta katarakti, ule ukungu ndani ya jicho. Katarakti wanaoperea, mutu anaona tena. Glokoma hapana.

La pili ni mikrobe. Tulisema: mu jicho la yule panya hakuna kitu hai, kuna vipande vya ngozi tu. Kuambia askari wa mwili «mukae chini» hakuna hatari, sababu adui hayuko. Lakini jicho letu jekundu linaweza kuwa na adui wa kweli: mikrobe, kuvu yenye kuingia na kipande cha jani ao cha muti, ao virusi ya herpesi, ile yenye kuleta vipele ku mudomo. Hapo kortizoni inalaza askari, na adui anakula. Kidonda cha herpesi ku kioo cha mbele cha jicho kinapanuka. Wekundu unapunguka, mugonjwa anafurahi, anasema dawa ni ya nguvu, na huku ndani kioo kinaharibika.

La tatu ni sababu. Wanasayansi wanajua siku na saa yenye walimupa panya ugonjwa. Sisi je? Mu familia ya mugodi, jicho jekundu linaweza kuwa vumbi tu. Linaweza kuwa kipande cha jiwe ao cha chuma chenye kuingia wakati wa kuponda ao kukata na mashini. Linaweza kuwa asidi ao chokaa ya kiwanda cha shaba na kobalti. Linaweza kuwa moto wa kusudea vyuma bila kioo cheusi. Linaweza kuwa uveiti yenye kutoka ku tiberkilozi ao sifilisi yenye mutu hajui kama iko nayo. Wekundu ni mumoja, magonjwa ni mengi. Hakuna kichupa kimoja cha hayo yote.

Kutoka ku panya mpaka ku mutu

Tusitupe panya, hata hivyo. Njia ya kutoka kwao mpaka kwetu iko, na ilisaidia watu. Mwaka 1981, Nussenblatt na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba siklosporini, dawa yenye kutumiwa kwa watu wenye kupandikizwa figo, inazuia uveiti ya panya wenye mwili wao unapigana na macho yao wenyewe. Mwaka 1983 waliandika matokeo ya wagonjwa, watu wa kweli wenye dawa zingine zilishindwa. Tangu hapo wanganga walikuwa na silaha ingine zaidi ya kortizoni. Mwaka 2016, Marekani na Ulaya waliruhusu adalimumabu kwa aina fulani za uveiti. Ni moja ya zile dawa zenye kuiga askari wa damu, na bei yake ni kubwa.

Lakini nyama wa labo wanaonyesha tu kwamba dawa inaweza kufanya kazi. Kusema ni gani tuchague, ni lazima kulinganisha ku watu. Na hapo kuna mshangao.

Mwaka 2019 walitoa matokeo ya mupimo mukubwa juu ya wagonjwa 216 wenye uveiti, mu Uhindi, Marekani, Australia, Mexico na Arabia Saudia. Walilinganisha metotreksati, dawa ya zamani na ya bei ya chini, na mikofenolati, yenye wanganga wengi walifikiri ni nguvu zaidi. Kiisha miezi 6, ugonjwa ulitulia kwa watu 67 hivi juu ya 100 wenye kupata metotreksati, na 57 juu ya 100 wenye kupata mikofenolati. Ile ya bei haikushinda ile ya masikini.

Mwaka 2013, mu Uhindi, walilinganisha dawa mbili za vidonda vya kuvu ku jicho, kwa watu 323. Mu vichupa vya labo, vorikonazoli, ile mupya, ilitumainisha sana. Ku macho ya watu, natamisini, ya zamani, ilishinda, na wenye kupata ile mupya jicho lilitoboka mara nyingi zaidi. Mwaka mbele ya hapo, mupimo mwengine juu ya watu 500 wenye vidonda vya mikrobe ulionyesha kwamba kuongeza kortizoni juu ya antibiotiki hakukusaidia watu wote kwa jumla kuona muzuri zaidi kiisha miezi 3. Na wale walikuwa wagonjwa wenye antibiotiki ilitangulia, wenye kupimwa na wanganga wa macho. Hawakuwa watu wenye kununua kichupa mu njia ya kurudia nyumbani.

Soma tena majina ya zile inchi. Kongo haiko. Hakuna karieri ya kobalti mu ile hesabu. Kwa hiyo mutu akituambia dawa fulani «imehakikishwa», tuko na haki ya kuuliza: imehakikishwa ku macho ya nani?

Kikwit ilitufundisha

Tusifikiri lakini kwamba kortizoni ni sumu. Kongo yenyewe iko na ushuhuda. Mwaka 1995, Ebola ilipiga Kikwit, watu 315 waligonjwa, wengi wao walikufa. Kati ya wale wenye kupona, kuna wane wenye macho yao yalianza kuuma kiisha mwezi muzima bila shida: machozi, mwangaza unachoma, kuona kunapunguka. Wanganga wakaangalia ndani, wakaona ni uveiti. Waliwapa matone ya atropini, yenye kufungua mboni na kuzuia isishikane na sehemu za nyuma yake, pamoja na matone ya kortizoni. Wote wane walipata nafuu.

Angalia utaratibu wao: waliangalia kwanza, wakajua ni nini, kiisha wakatia dawa, na wakafuata mugonjwa. Dawa ni ile ile ya kichupa cha kartie. Tofauti iko ku ile kazi yenye kutangulia matone.

Miaka 20 kiisha, munganga mumoja mwenye kushikwa na Ebola mu Sierra Leone mwaka 2014 alipona, damu yake ikawa safi, lakini virusi ilipatikana hai ndani ya jicho lake. Mwaka 2017 wanasayansi waliona jambo la namna ile ku nyani za labo zenye kupona: virusi ilijificha mu macho. Hapa nyama na mutu walisema neno moja, na kila moja alisaidia kuelewa mwengine.

Tunadai nini?

Kama kesho labo zinaacha panya na kutumia chembe mu kisahani na hesabu za ordinateri, kwa mugodi ulizo litabaki lile lile. Kisahani nacho hakitangojea mayuma sita, hakitavuta vumbi, hakitaficha herpesi. Kile chenye kukosa kwetu si dawa ya nguvu zaidi. Dawa ya nguvu iko tele ku soko. Kinachokosa ni mutu wa kuangalia ndani ya jicho mbele ya kutia tone, na kifaa cha kupima tansio yake.

Wafanyakazi wa makampuni wako na mahali pa kudai. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inalazimisha mwenye kazi kutunza afya ya mufanyakazi na ya familia yake. Kwa hiyo delege wa wafanyakazi anaweza kuuliza maulizo tatu rahisi: malineti ya kukinga macho iko kwa kila mutu? Maji ya kuoshea macho iko karibu na asidi na chokaa? Dispansere ya kampuni inapima tansio ya jicho kwa mutu wenye kutumia kortizoni? Wachimbaji wa mukono hawana mwenye kazi wa kuuliza. Lakini koperative inaweza kuweka bido la maji safi karibu na kila shimo na kununua malineti kwa makuta ya pamoja. Bei yake ni ndogo kupita bei ya jicho moja.

Na kila familia ijue haya.

Asidi, chokaa ao dawa ya kiwanda ikiingia mu jicho, osha palepale na maji safi mingi, dakika 15 mpaka 30, jicho likiwa wazi, mbele ya kutafuta taksi. Kila dakika ya kungoja inakula kioo cha jicho.

Kipande cha chuma ao cha jiwe kikipenya, usisugue, usikitoshe mwenyewe. Funika bila kufinya, enda lopitali.

Jicho jekundu lenye kuuma sana, lenye kuogopa mwangaza, ao lenye kuona kidogo, lipelekwe siku ile ile. Hata wekundu ukipunguka.

Soma maandishi madogo ku kichupa. Ukiona dexaméthasone, prednisolone ao bétaméthasone, jua ni jamaa ya kortizoni, hata kama jina kubwa la mbele ni lingine, hata kama antibiotiki imechanganywa ndani. Hiyo haianzwi bila mutu wa afya kuangalia jicho. Kama uliisha kuitumia mayuma mingi, hata jicho halikuumi, enda wapime tansio. Na usiikate gafula bila kuuliza munganga.

Kichupa kimoja ni cha mutu mumoja. Baba asimupe mutoto matone yake, na kichupa cha mwaka uliopita kitupwe. Mukojo, maji ya majani na maziwa ya mama si dawa ya jicho: vinaweza kuleta mikrobe mu kidonda.

Siku ingine ukisimama ku farmasi na jicho jekundu, usiulize «ni dawa gani yenye nguvu kupita zote?» Lile ulizo panya walisha kujibu. Uliza: «nani hapa anaweza kuangalia ndani ya jicho langu?» Kama jibu ni «hakuna mutu», chunga ile franka ya kichupa. Itakusaidia ku transporti ya kwenda penye mutu iko.